Semina Iliyokosa wa Kuifunga

Nchi ninayoisimulia ipo kweli, ila msiitafute kwenye ramani, maana ramani yake bado iko mikononi mwa kamati. Ni nchi nzuri. Ina mito, ina milima, na ina mawaziri wa kutosha. Mimi ni mwalimu wa somo la Biashara katika sekondari moja ya huko, jina langu Shomvi Kidunda, na haya nayaandika kwa nia njema kabisa, juu ya karatasi nzuri za bure zenye nembo ya Wizara.

Mambo yalianza siku Wizara ya Elimu ilipogundua kwamba walimu wa Biashara nchini hawajawahi kufanya biashara. Ugunduzi huo ulifanywa na tume ya wataalamu ambao nao hawajawahi kufanya biashara, kwa hiyo ugonjwa waliujua vizuri. Tume ilisikitika kwamba tunafundisha faida na hasara kwa kumtumia Bwana Juma wa kwenye kitabu, anayenunua magunia ya mahindi, na kwamba Bwana Juma huyo amekuwa akinunua mahindi yale yale tangu enzi za mkoloni bila hata kubadilisha baiskeli. Taifa, tume ikasema, linahitaji mawazo mapya.

Waziri wa Elimu wa wakati ule, Mheshimiwa Sospeter Mwangwala, hakuchelewa. Aliunda Idara ya Mawazo Mapya, akaipa ofisi, magari na muhuri. Idara ikatoa mwongozo: mwalimu mwenye wazo jipya aliwasilishe makao makuu pamoja na ushahidi kwamba wazo hilo limeshatumika mahali pengine kwa miaka isiyopungua kumi bila kuleta madhara. Mwaka ukapita, halikupatikana hata wazo moja lililotimiza masharti. Idara ikahitimisha kwamba walimu hawafikiri, na kwetu dawa ya mtu asiyefikiri ni semina.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu huenda huko kwenu semina ni watu kukutana na kuzungumza. Kwetu haianzi watu wakikutana. Inaanza mtu mwenye mamlaka akitamka kwamba imefunguliwa, na mtu huyo anaitwa mgeni rasmi. Kabla hajatamka, hata ukae ukumbini tangu alfajiri, ufundishwe, uelewe na uandike, hujafundishwa. Vivyo hivyo haiishi mpaka mgeni rasmi atamke kwamba imefungwa. Anayeondoka kabla ya hapo ni mtoro kazini. Vyeti vya ushiriki hutolewa baada ya kufunga, na mwalimu asiye na cheti haruhusiwi kupokewa na shule yoyote. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sheria yetu imeongeza kwamba mgeni asipokuja, mwenyeji aendelee kuumwa.

*

Tukaitwa walimu wote wa Biashara wa jamhuri, mwezi wa nane, kwenye chuo cha ualimu cha mji wa Magomvu. Ili tupate mabweni, vijana waliokuwa wakisomea ualimu pale walirudishwa makwao. Ukumbi ulipambwa vitambaa na maua ya plastiki, meza kuu ikawekewa maji ya chupa, na sisi tukaketi tangu asubuhi kumngoja mgeni rasmi. Mimi nilichaguliwa mtunza muda kwa sababu sikuwa na saa, na ilionekana kwamba nitakuwa na subira.

Mheshimiwa Mwangwala aliwasili jua limeshageukia machweo. Tulisimama, tukaimba, tukaketi, tukasimama tena kwa sababu mlinzi wake naye aliingia.

"Itifaki imezingatiwa," akaanza. "Ndugu walimu, dunia imebadilika. Zamani mtu alikuwa na bidhaa, ndipo akamtafuta mteja. Leo unamtafuta mteja kwanza, bidhaa itajulikana mbele ya safari. Mimi mwenyewe tangu kuzaliwa sijauza kitu chochote, na nyote mnaona nilipofika. Kwa hayo machache, naitamka semina hii kuwa imefunguliwa rasmi."

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Ndipo akanyoosha mkono mwanamke aliyeketi kiti cha pili kutoka kwangu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni. Huyo ndiye Mwalimu Perpetua Nyangalima wa Sekondari ya Kinyambwe, na ndiye aliyetuletea taabu zote hizi.

"Samahani, Mheshimiwa," akasema. "Semina inafungwa lini? Nina kidato cha nne, na mtihani wao uko mwezi wa kumi na moja."

Ukumbi ukaguna. Waziri alicheka kwa upole, kama mtu aliyeulizwa na mtoto mdogo kuhusu kifo.

"Mwalimu, hata viti havijapata joto, wewe unaulizia kufunga. Huo ndio mtazamo tuliokuja kuubadilisha."

"Ni wiki mbili, Mama," akadakia Profesa Ndimbo, Mwezeshaji Mkuu, ambaye ndiye angetufundisha. "Wiki mbili tu, uko nyumbani."

Mwalimu Perpetua akaandika "wiki mbili" kwenye kiganja cha mkono. Baadaye, tukiwa kwenye foleni ya wali, alinieleza. Kinyambwe haina maabara wala maktaba. Masomo mengine watoto wake wanayasikia kwa jina tu. Biashara ndilo somo pekee wanaloweza kufaulu, kwa sababu linataka ubao na mwalimu. Anayefaulu anachukuliwa na chuo cha ushirika, anakuwa mtu. Asiyefaulu anashuka bondeni kupasua kokoto na wazazi wake. Alinieleza hayo kwa kirefu wakati nyama inapungua, na kusema kweli nilimwona hana adabu ya semina.

*

Profesa Ndimbo alikuwa bingwa. Alikuwa ameandika kitabu kinene kuhusu saikolojia ya muuza karanga, na kwa miaka mingi alikuwa akiwasihi wauza karanga wakisome. Alitufundisha kupiga makofi ya kilo moja, ya kilo mbili, na ya gunia. Alitufundisha kusimama, kujinyoosha, kumgeukia jirani na kumwambia, "Jirani, wewe ni fursa." Mimi jirani yangu wa kulia alikuwa amelala, lakini nilimwambia.

Kisha tukaingia kazi za vikundi. Kundi la kwanza lilijadili maana ya wazo. Kundi la pili lilijadili maana ya neno jipya. Kundi la tatu lilipewa kalamu rashasha na bango kitita, likaambiwa liandike majumuisho kwa herufi kubwa. Majumuisho yalikuwa kwamba wazo jipya ni wazo ambalo ni jipya. Profesa alisema hajawahi kufanya kazi na walimu wepesi kama sisi.

Siku moja Mwalimu Perpetua alisimama kusema ana wazo. Watu waligeuka, maana hilo halikuwa kwenye ratiba.

"Kila siku ya gulio," akasema, "wanafunzi wangu wanaweka meza sokoni. Wananunua vitunguu kwa wakulima, wanauza, wanaandika wenyewe vitabu vyao vya hesabu. Wakipata hasara, darasani tunaitafuta ilikotokea. Tukiipata hawasahau."

"Limeshatumika wapi?" akauliza Profesa.

"Kinyambwe. Miaka mitatu."

"Bado saba. Na hao watoto wanashika fedha halisi?"

"Ndiyo, Profesa."

Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mwalimu, somo lenyewe linaitwa Biashara. Fedha ni suala la Wizara nyingine." Akatuomba tumpe Mwalimu Perpetua makofi ya robo kilo, ya kumtia moyo.

*

Siku ya kufunga ilifika. Tulivaa fulana zenye picha ya Waziri. Vyeti vilikuwa vimepangwa mezani, mikoba tumeshaifunga, na madereva wa magari ya kukodi walikuwa wanagombania abiria nje ya lango. Saa moja asubuhi redio ikatangaza kwamba Mheshimiwa Mwangwala amehamishiwa Wizara ya Bahari Kuu. Nchi yetu haipakani na bahari yoyote, lakini Wizara tunayo, kwa sababu huwezi kujua.

Profesa alimpigia simu. Mheshimiwa akasema kwamba kwa sasa mamlaka yake ni juu ya samaki, na hata hao hawajakabidhiwa rasmi.

Ikabidi kumwendea Waziri mpya, Mheshimiwa Leokadia Msuha, mama makini asiyependa makuu. Alisikiliza hoja zote, akanywa chai, akakataa.

"Mimi sikuifungua," akasema. "Nikiifunga nitakuwa nimekubali kwamba niliikuta. Halafu angalieni wenyewe. Mwenzangu alisimama pale akafungua semina, hata mwezi haukuisha yuko na samaki. Mnataka mimi nipelekwe wapi?"

Profesa alirudi ukumbini akashika kipaza sauti. "Ndugu washiriki," akasema, "kwa kuwa semina haijafungwa, semina inaendelea. Naomba tujinyooshe."

Tukajinyoosha. Tulirudia mada zote tangu mwanzo, kisha tukazirudia kutoka mwisho kwenda mwanzo ili kupata mtazamo mpya. Kalamu rashasha zilikauka, tukawa tunaandika hewani kwa vidole na wenzetu wanasoma. Mapenzi yalizaliwa, harusi mbili zilifungwa palepale ukumbini, na mashehe na mapadri walizifunga bila kusubiri mgeni rasmi, jambo lililotushangaza. Mimi nilinenepa, na singependa mtu adhani nalalamika. Wali ulikuwa mzuri.

Magazeti yakaandika kwamba ile ni semina ndefu kuliko zote barani. Nchi jirani zikaleta wajumbe kujifunza. Walipewa viti nyuma yetu, nao wakafungua semina yao kuhusu semina yetu. Wao walikuja na mgeni rasmi wao, wakafunga, wakaondoka. Tuliwaona hawana uvumilivu.

Mwalimu Perpetua peke yake alikuwa akikonda. Kila gari lililotoka upande wa Kinyambwe alilikimbilia langoni kuulizia habari. Siku moja aliambiwa kwamba watoto wamefika kwenye urari, mizani ya hesabu imekataa kulingana, na wamekaa wakiitazama ubaoni tangu Jumatatu kwa sababu hakuna anayethubutu kuifuta. Alimwendea Profesa wakati wa mapumziko. Mimi nilikuwa karibu, natafuta kijiti cha meno.

"Profesa, niruhusu niende. Watoto wanaharibikiwa."

"Mama, mimi ni nani? Mimi nawezesha tu. Aliyeko juu mngoje chini."

"Nimengoja. Aliyeko juu ndiye huyo anaogopa kushuka."

"Maneno hayo yasemee chini," akasema Profesa. "Wewe unadhani sisi wengine hatuna wanafunzi?"

Nilipomsikia nilikumbuka kwamba kweli hata mimi ninao. Ilikuwa hisia ya ajabu, lakini chakula kikaitwa.

Asubuhi iliyofuata Mwalimu Perpetua alipanda jukwaani, akagonga kipaza sauti kwa ukucha. Tulidhani ana tangazo la kitu kilichopotea.

"Walimu wenzangu," akasema, "kwa kuwa hakuna mwingine wa kuifanya kazi hii, semina hii naifunga. Asanteni kwa ushirikiano. Safari njema."

Akashuka, akabeba mkoba wake, akatoka. Mlinzi wa lango, ambaye hakuwa amesoma Sheria ya Semina, alimfungulia na kumtakia safari njema. Hakuna mwingine aliyeinuka. Tulitazamana, kisha tukamtazama Profesa, naye akatangaza kwamba kilichotokea ni kichangamshi, cha kutuondolea usingizi.

*

Kosa lake lilikuwa kubwa. Kujifanya mgeni rasmi, kwetu, ni sawa na kujifanya askari, tena aliyejifanya askari ana nafuu. Lakini Wizara ilikwama. Kumshitaki kungekuwa kukubali kwamba kuna mshiriki aliyeondoka, na dunia nzima ilikuwa imeshatangaziwa kwamba mahudhurio ni asilimia mia. Wakakutana, wakajadiliana, wakaamua kwamba hajaondoka.

Basi kiti chake kilibaki na kibao cha jina mbele yake. Asubuhi kiliwekewa maji ya chupa, mchana kiliwekewa sahani ya wali na paja la kuku. Kwa kuwa nilikuwa karibu, nilikula kwa niaba yake. Nilifanya hivyo kulinda takwimu.

Mwezi wa kumi na moja watoto wa jamhuri walifanya mtihani wa Biashara. Matokeo yalipokuja, karibu shule zote zilipata sifuri, na hilo halikumshangaza mtu, kwa sababu walimu tulikuwa kazini. Kilichoshtua ni Kinyambwe. Pale walikuwa wamefaulu wote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na wa mwisho wao alikuwa amewapita hata wale wa shule za watoto wa wakubwa. Baraza la Mitihani likayazuia matokeo yao siku hiyo hiyo. Sababu ilikuwa wazi: mwalimu wao yuko seminani, basi wamefundishwa na nani? Bila shaka wameiba mtihani.

Tume ya uchunguzi ilikaa ukumbini mwetu, kwa kuwa wajumbe wake walikuwa washiriki na hawakuweza kutoka. Mwenyekiti alikuwa Profesa Ndimbo. Mwalimu Perpetua aliletwa na gari la polisi, viatu vyake vina vumbi jeupe.

"Umetoka wapi, Mwalimu?" akauliza Profesa.

"Kinyambwe."

"Haiwezekani. Uko hapa tangu mwezi wa nane."

"Niliondoka, Profesa. Ulikuwepo. Niliifunga semina mbele ya macho yako, nikaenda kufundisha."

"Shule ilikupokeaje bila cheti?"

"Haikunipokea. Mkuu wa shule alisema hawezi kuniona, kwa hiyo akaniandikisha kama mzazi aliyekuja kuulizia maendeleo ya mtoto. Akaniambia nisubiri majibu ndani ya darasa la kidato cha nne. Nilisubiri mpaka mtihani ukafika."

Wajumbe walinong'onezana. Mmoja akauliza kama kuna ushahidi kwamba kiti kilikuwa kitupu. Nikaitwa mimi.

"Mwalimu Kidunda, wewe ndiye jirani yake. Tangu mwezi wa nane, Mwalimu Perpetua alikuwa wapi?"

Nilifikiri kwa makini. Nilifikiria asilimia mia, nikafikiria sifa ya taifa, nikafikiria na paja la kuku. "Kiti chake kilikuwepo," nikasema. "Maji yake yalinywewa. Sahani yake ilirudi jikoni tupu."

Mwalimu Perpetua alinitazama. Niliona haya, na niseme wazi kwamba sikuwa nimezoea.

"Profesa," akasema, akimgeukia mwenyekiti, "mkisema sikutoka, watoto wangu ni wezi. Wapo sita ambao wameshashuka bondeni wanapasua kokoto kwa sababu chuo hakiwezi kuwachukua bila matokeo. Basi nifungeni mimi. Semeni nilitoroka, semeni nilijifanya mgeni rasmi, nipelekeni jela. Wao wapeni haki yao."

Nawahakikishia kwamba lilikuwa jambo la kuumiza kumsikia mtu mzima anaomba jela, na ukumbi mzima tukaangalia chini. Lakini tume ilikuwa na hadidu zake za rejea. Ikaamua kwamba mwalimu hakuondoka, kwamba kumbukumbu zake zimechoka kutokana na mafunzo, na kwamba watoto wa Kinyambwe walifanya mtihani bila mwalimu.

*

Taarifa ilipofika kwa Waziri Leokadia Msuha, aliisoma mara mbili, akaona kile ambacho tume haikukiona. Kama watoto wa Kinyambwe walifaulu bila mwalimu, na mwalimu wao alikuwa seminani, basi aliyewafaulisha ni semina. Imewafikia kwa mbali, kupitia hewani. Akaagiza kwamba walimu wa masomo yote nchini, wa hesabu, wa kemia, wa lugha, mpaka wa michezo, wakusanywe Magomvu. Semina ya Biashara iunganishwe na mpya iwe semina moja ya taifa, ifunguliwe upya kwa pamoja na iendelee mpaka watoto wote wafaulu.

Tatizo likawa lilelile la mgeni rasmi. Mawaziri wote waliombwa, na kila mmoja alikuwa na msiba. Hakuna aliyetaka kuhamishiwa baharini. Ndipo Mheshimiwa akamkumbuka Mwalimu Perpetua. Alikuwa maarufu, alikuwa mfano wa mafanikio, na hata akihamishwa hakuwa na pa kuhamishwa. Waziri alikuja mwenyewe ukumbini, ambako Mwalimu Perpetua alikuwa amerudishwa kwenye kiti chake, kuzungumza naye.

"Mwanangu," akasema Waziri, "mambo haya tuyamalize kike. Matokeo ya watoto wako yako kwenye mkoba wangu. Siku ya ufunguzi nitakukabidhi jukwaani, wapiga picha wakiwepo. Kisha utafungua semina."

"Na nikikataa, Mheshimiwa?"

"Ukikataa watakuwa waliiba mtihani. Sitaki hivyo. Mimi ni mzazi."

"Na shule zote zitafungwa? Watoto wa nchi nzima wakae bila walimu?"

"Watafikiwa kwa mbali."

Mwalimu Perpetua alizungushazungusha uzi wa miwani yake. Mimi nilimwona ameshindwa, nikafurahi kwa ajili yake, maana kushindwa kunapumzisha. Mwishowe akasema atakubali, ila safari hii hataki kushitakiwa kwa kujifanya. Aliomba uteuzi kamili wa maandishi, wenye mamlaka yote ambayo sheria inampa mgeni rasmi. Waziri alimshika bega, akamwambia sasa anaanza kukomaa.

Siku ikafika. Maturubai yalifunika uwanja wote wa chuo, na chini yake walikaa walimu wa jamhuri nzima. Katika mikoa yote hapakuwa na darasa hata moja lenye mtu mbele ya ubao. Mwalimu Perpetua aliletwa kwa gari la bendera. Tulisimama, tukaimba, tukaketi. Waziri alitoa hotuba kuhusu elimu isiyo na mipaka, kisha akamkabidhi bahasha, na kamera zikamulika. Mwalimu Perpetua aliifungua palepale. Aliyasoma majina yote kimya, midomo inacheza, kisha akashuka jukwaani na kumpa mkuu wake wa shule aliyekuwa mstari wa mbele. Yule mzee aliiingiza ndani ya koti, akaondoka kwa mwendo wa haraka ambao sikuutarajia kwake. Alikuwa amesimamisha gari nje, injini inaunguruma.

Ndipo Mwalimu Perpetua akarudi kwenye kipaza sauti.

"Kwa mamlaka niliyopewa," akasema, "naitamka semina hii kuwa imefunguliwa rasmi."

Tulipiga makofi ya gunia. Alingoja mpaka yakaisha.

"Na kwa mamlaka hayo hayo, naitamka kuwa imefungwa rasmi. Vyeti viko pale mezani, kila mtu achukue chake. Rudini madarasani."

Waziri alimtazama mwanasheria wa Wizara. Mwanasheria alifungua kitabu cha sheria, akapitisha kidole, akarudi ukurasa wa nyuma, akapitisha tena, kisha akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa halali. Mheshimiwa Leokadia Msuha akaketi taratibu, na kwa mara ya kwanza nikamwona ana sura ya mtu anayefikiria samaki.

Lango lilifunguliwa pande zote mbili. Jua lilikuwa bado la asubuhi, barabara nyeupe, nasi tulikuwa huru, maelfu ya walimu wenye vyeti mezani na nauli mfukoni.

Dakika chache zilipita. Mtu mmoja wa kemia akauliza kama kufungwa huku kumezingatia chakula cha mchana, maana harufu ya pilau ilikuwa imeshafika. Mwingine akasema si busara kutoka kiholela, watu wataumizana. Profesa Ndimbo akasema hoja hiyo ni nzito, akapendekeza tugawanyike katika vikundi tujadili namna bora ya kuondoka, kisha kila kundi liwasilishe. Viti vikaanza kuburuzwa. Mimi niliwekwa kundi la nne, na kalamu mpya tukapewa.

Mwalimu Perpetua alipita karibu yetu akielekea langoni. Akasimama.

"Mwalimu Shomvi, wewe una wanafunzi?"

"Ninao," nikasema. "Kidato cha tatu. Au sasa watakuwa cha nne, sina hakika."

"Twende basi. Gari lina nafasi moja."

Nilitazama gari la mkuu wake wa shule, bado linaunguruma nje ya lango. Nilitazama na kundi langu, wamenishikia bango kitita wakinisubiri. Nikamwambia atangulie, nakuja, tumalize kwanza hili.